Mahindi ya Msibani

Nilikuwa mhadhiri kijana profesa wangu aliponituma Tunduma kuwahoji wanawake waliokuwa wakivusha mahindi kwenda Zambia, wakati serikali imepiga marufuku kuyauza nje. Mama mmoja Mnamwanga alinikaribisha kwake, akanieleza bila kuficha kwamba alivusha debe moja kumpelekea dada yake aliyefiwa na mume ng'ambo ya mpaka.

"Watu wamejaa msibani, mwanangu. Ulitaka wale nini?"

Miezi kadhaa baadaye profesa alinionyesha makala aliyoiandaa kwa ajili ya jarida moja la Ulaya. Maneno ya yule mama yalikuwemo, ila habari za dada na msiba zilikuwa zimeondolewa. Alitolewa mfano wa wafanya magendo wanaohujumu sera ya chakula. Damu ilinichemka.

"Huyu si mfanya magendo," nilimwambia. "Alipeleka chakula msibani."

"Wahariri hawana nafasi ya hadithi za misiba," alijibu bila kuinua macho. "Na wewe unaihitaji makala hii ili upande cheo."

Nilimwambia aliondoe jina langu. Akaliondoa, makala ikatoka vilevile, naye akapongezwa kwenye kikao cha idara. Mimi nilikaa kwenye cheo kile kile miaka mingi.

Nilirudi Tunduma kumweleza yule mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo profesa, kwao watu hawafi?"

Makala ile bado inanukuliwa, na kila nikiiona hasira hunipanda upya.