Jaji Asiyeona Rangi

Mikorosho inapoanza kutoa maua, harufu yake hukufikia kabla hujayaona. Ni tamu, inalewesha kidogo. Upepo uliitoa mashambani upande wa Naliendele ukaileta mpaka nyuma ya soko la Mtwara, kwenye nyumba zetu za udongo na makuti, ikachanganyika na harufu ya dagaa na makopa ya muhogo yaliyoanikwa juani. Bibi yangu mzaa baba, Bibi Fatu, alikuwa akitoka mlangoni asubuhi, ananusa hewa, kisha anasema mwaka huu korosho hazitazaa. Zikija kuzaa, husema bei itakuwa mbaya. Hakuwa mtu wa kununa, maana alicheka sana na alitupenda, lakini hakuamini kitu mpaka akishike kwa mikono yake. Baba aliona ni uzee. Mimi pia niliona hivyo, mpaka msimu mmoja wa maua katikati ya miaka ya tisini, nikiwa darasa la saba.

Kila mwaka, kuelekea Maulidi, kamati ya chuo chetu cha Kurani iliandaa mashindano ya kusoma. Msichana aliyeshinda alipelekwa kusoma sekondari ya bweni, mbali huko kaskazini, kwa gharama za wafadhili ambao hatukuwahi kuwaona. Sekondari wakati ule zilikuwa za kuhesabika, na baba yangu, mchukuzi wa mizigo bandarini, alikwisha kuniambia bila kuficha kwamba baada ya darasa la saba hana la kunifanyia. Kwa hiyo nilisoma kama mtu anayechimba kisima. Lakini mtaani kulikuwa na mnong'ono. Washindi wa miaka iliyopita walikuwa wa sura moja: weupe, wenye nywele za kulala, watoto wa familia zilizopenda kusema asili yao ni Uarabuni. Sisi tulioitwa Wamakonde, hata tuliozaliwa mjini hapo hapo, tulipigiwa makofi, tukapewa soda, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyelisema hilo msikitini. Lilisemwa bombani, kina mama wakisubiri ndoo zijae, na lisemwalo lipo.

Mnong'ono ukafika kwenye kamati. Ijumaa moja mwenyekiti wake, Mzee Bakari, alisimama baada ya sala akatangaza kwamba mwaka huu jaji atakuwa Shehe Mbwana, mgeni kutoka upande wa Lindi, msomaji hodari ambaye hakuwahi kuona tangu utotoni. "Kwake mweusi na mweupe ni mamoja," alisema. "Na watoto hawatatajwa majina. Sasa nani atalalamika tena?" Watu walicheka kwa furaha. Baba alirudi nyumbani uso umemchangamka, akamsimulia Bibi aliyekuwa uani akimenya mihogo.

"Kumbe haoni rangi," Bibi akasema. "Anaona nini?"

"Haoni kitu, mama. Ni kipofu."

"Masikio si anayo? Akija anafikia kwa nani?"

Baba hakujua, na aliona swali lenyewe halina maana. Akanigeukia mimi, akaniambia nafasi ndiyo hii, nisome.

Shehe Mbwana alikuja majuma kadhaa kabla ya Maulidi, na alifikia kwa Mzee Salim. Hakuna aliyeshangaa. Mzee Salim alikuwa na duka la vitambaa na nyumba ya mawe yenye feni na choo cha ndani, na wageni wote wakubwa wa msikiti walilala kwake. Alikuwa pia baba yake Thureya, rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja shuleni na mkeka mmoja chuoni. Mama yake Thureya alikuwa Mmakonde wa kijiji cha Kitaya kama mama yangu, na walipokutana walisalimiana kwa Kimakonde, lakini hakuna aliyemwita Thureya Mmakonde. Aliitwa Mwarabu. Tukitembea pamoja, watu walimwita yeye wamshike nywele, wampe peremende, nami nikasimama pembeni kama mzigo aliouweka chini. Thureya aliikata peremende kwa meno akanipa nusu. Nasema haya ili ieleweke kwamba simsimulii mtu mbaya. Hakuomba kuitwa alivyoitwa.

Siku moja tukitoka chuoni akaniambia, "Shehe ananipenda. Kila asubuhi nikimpelekea chai ananiambia nikae nisome. Jana kanirekebisha ghuna, ile sauti ya puani. Sikia." Akasoma hapo hapo njiani, akavuta sauti puani, laini, ndefu kiasi chake. Kisha akanitaka nirudie. Nilirudia mpaka nikaipata, na jioni nilirudia tena peke yangu shambani. Alinifundisha bila choyo. Mimi nilijifunza huku namtazama kwa jicho la pembeni, nikijiuliza kama ameniambia yote, au amebakiza kitu. Kabla ya hapo sikuwahi kumshuku Thureya kwa jambo lolote. Dhana iliponiingia haikutoka, ikawa kama mchanga ndani ya wali: unatafuna, lakini unatafuna kwa hadhari.

Nilimwambia Bibi. Hakukasirika. Kesho yake alivaa kanga zake nzuri, akanishika mkono, tukaenda barazani kwa Mzee Bakari. Alimwambia kwamba angependa kumkaribisha Shehe chakula cha mchana, siku moja tu, ale wali wa nazi na samaki, na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila huku kwetu, aionje ikiwa imechemshwa.

Mzee Bakari alishusha miwani. "Bibi Fatu, mjukuu wako si anashindana?"

"Anashindana."

"Basi hiyo itakuwa rushwa. Watu watasema."

"Kwa Salim amelala tangu juzi ile. Na binti yake anashindana."

"Huo ni ukarimu, Bibi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tungemlaza wapi mtu kama yule? Kwako?"

"Kwangu kitanda kipo."

Mzee Bakari alinitazama mimi, akamtazama Bibi, akatabasamu kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angetufukuza. "Bibi yangu," alisema, "mambo ya rangi tumekwisha kuyaondoa mwaka huu. Usituletee wewe ubaguzi."

Tulirudi nyumbani. Nimelifikiria jibu lile miaka mingi. Sahani ya wali kutoka nyumba ya udongo ilikuwa rushwa. Kitanda, chakula na somo la kila asubuhi katika nyumba ya mawe ulikuwa ukarimu. Na aliyethubutu kusema kwamba anaona tofauti, yeye ndiye akawa mbaguzi. Sidhani kama Mzee Bakari alidanganya. Nadhani aliamini kila neno alilosema. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi mpaka leo, kwa sababu mwongo ana siku atajikwaa kwa maneno yake mwenyewe, lakini mtu mwema asiyeona anachokifanya atalala usingizi mzuri mpaka anazeeka.

Siku ya mashindano turubai lilifungwa uwanjani mbele ya msikiti, wanaume upande huu na wanawake ule, na ubani ukifukizwa katikati. Shehe Mbwana aliketi kwenye zulia, mtu mwembamba mwenye kanzu safi na mikono mitulivu. Wasichana tulipelekwa mbele mmoja mmoja bila kutajwa jina, kama ilivyoahidiwa. Mimi nilitangulia. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito, kisha sauti ikajifungua yenyewe, nikasahau watu, nikasahau hata sekondari, nikabaki na aya tu. Nilipomaliza Shehe aliinamisha kichwa.

"Umesoma vizuri, binti," alisema. "Ghuna hiyo umefundishwa na nani?"

Sikujibu, kwa sababu tulikatazwa kutaja majina. Nikarudi mkekani.

Akaja Thureya. Alisoma isti'adha tu, maneno ya kuanzia, na kabla hajaingia kwenye aya yenyewe Shehe Mbwana alitabasamu. Halikuwa tabasamu la hila. Lilikuwa la mtu aliyesikia hatua za mwenyeji wake ukumbini. Uwanja mzima uliliona, na nadhani uwanja mzima ungelinyamazia. Thureya alisoma mpaka mwisho, akasoma vizuri. Hapo Bibi Fatu akasimama upande wa wanawake.

"Shehe, naomba kuuliza."

"Bibi, kaa chini," Mzee Bakari alisema.

Shehe aliinua mkono. "Mwacheni mama aulize."

"Huyu aliyemaliza kusoma sasa hivi, unamjua?"

Shehe Mbwana aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Namjua," akasema. "Ananiletea chai asubuhi."

"Na yule wa kwanza?"

"Yule simjui."

"Ahsante, Shehe," Bibi akasema, akaketi.

Turubai lilipigapiga kwa upepo. Shehe aliwaita wanakamati, wakanong'ona naye kwa muda mrefu. Baadaye ilisemwa kwamba aliomba aondolewe, jaji mwingine atafutwe, na kamati ikamwambia wageni wamekwisha kufika na pilau limekwisha kuiva. Sikuwa karibu, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba mshindi alitangazwa Thureya, na mimi nikapewa msahafu na soda.

Njiani baba alimlaumu Bibi kwamba ametuaibisha. Bibi alimjibu, "Sikumwita mtu mwongo. Nimeuliza, nikajibiwa. Aibu iko wapi?" Hakuniliwaza. Alinipa jembe wiki iliyofuata tukaenda kupalilia mikorosho, na mwaka ule korosho zilizaa sana.

Thureya alikwenda bwenini. Mimi nilikaa nyumbani mpaka shangazi yangu wa Masasi aliponichukua nikasome sekondari ya kutwa, nimechelewa, mkubwa kuliko wenzangu darasani. Mimi na Thureya tulionana tena tukiwa watu wazima, kwenye msiba wa baba yake. Tulikaa kwenye jamvi, na katikati ya mazungumzo mengine akaniuliza kwa sauti ya chini, "Somoe, siku ile nilikushinda kweli?"

"Sijui," nilimwambia.

"Na mimi sijui. Miaka yote ile shuleni, nikipata alama nzuri, nilijiuliza hizi zangu au za baba. Sikuwa na wa kumwuliza."

Nilimshika mkono. Nilikuwa nimedhani mashaka ni mali ya walioshindwa peke yao. Kumbe naye alikuwa akilala nayo kitanda kimoja.

Sasa muongo wa kwanza wa elfu mbili unaelekea ukingoni, na Mtwara ina wageni wa kila rangi. Nafanya kazi ya ukarani kwenye kampuni ya kigeni inayojenga maghala. Meneja wetu, mtu mpole kutoka Ulaya, alituambia tulipokuwa tunatafuta vijana wa kazi kwamba hapa hatuoni rangi wala kabila, na kuonyesha hivyo, majina kwenye maombi yalifunikwa kwa karatasi. Nilipoyapitia maombi yale nikaona wote wameandika kwa Kiingereza kilekile, wote wa mjini, wengi ndugu wa watu waliomo. Nikauliza tangazo lilibandikwa wapi. Lilibandikwa getini petu, na kwenye hoteli wanakokula wahandisi. "Lakini kila mtu aliruhusiwa kuomba," meneja alisema, kwa mshangao wa kweli. Asiyekuwapo na lake halipo, nilimwambia, na ikabidi nimfafanulie. Alikubali siku ya mwisho ya kupokea maombi isogezwe mbele kidogo. Ni hatua, sikatai. Enzi za Mzee Bakari hakuna aliyesogeza kitu.

Nililiandika tangazo upya kwa Kiswahili, nikapanda pikipiki mpaka vijiji vya njia ya Msimbati. Katika kijiji kimoja kijana aliyekuwa akitengeneza wavu alilipokea, akalisoma polepole kutoka juu mpaka chini, akaligeuza kuona kama nyuma kuna maandishi mengine.

"Dada," aliniuliza, "nafasi zenyewe bado zipo, au zina wenyewe?"

Nilitaka kumwambia bado zipo. Nilimwambia sijui, aombe, na siku ya usaili nitakuwemo chumbani. Alinitazama usoni kwa muda, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka, kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni.