Wadogo Zangu Wameziba Matundu ya Ukuta wa Baba

Admin, weka hii bila jina langu wala mtaa. Bukavu ni ndogo, na wadogo zangu wanasoma ukurasa huu kila siku, ingawa mbele za watu wanajidai hawana muda wa visa vya wanawake.

Nina miaka hamsini na mbili, ni mtoto wa kwanza wa baba yangu. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani, na tangu baba afariki naishi na mama katika nyumba aliyotuachia. Tuko kwenye mteremko, pale ambapo ukisimama uani unaona bati la jirani chini ya miguu yako. Ua wetu unashikiliwa na ukuta wa mawe. Nyuma ya ukuta kuna udongo wote wa ua, na mbele yake, chini kabisa, kuna chumba wanacholala watoto wa jirani yetu, Maman Neema.

Nyumba ile naitengeneza mwenyewe. Bomba likivuja nabadilisha mpira wake. Kitasa, kioo, mfereji wa bati uliojaa majani, vyote mimi. Mtu mzima anayeita fundi aje kumkazia msumari namdharau, na sioni haya kusema hivyo. Lakini nina mpaka wangu. Kazi ambayo nikiikosea nitalowa mimi, naifanya. Kazi ambayo nikiikosea atakufa mtu mwingine, namwita anayeijua.

Basi mvua zilipoanza, ufa ukatokea ukutani. Nikatuma picha katika kikundi cha familia, nikaandika kwamba natafuta fundi wa kuta. Yule mdogo wangu ambaye ni wakili, anayekaa Nguba, alijibu kabla sijaweka simu chini: "Yaya, unataka kutufanyia coup d'État mu parcelle ya papa?"

Yaya kwetu ni dada mkubwa, na coup d'État mu parcelle ni mapinduzi katika kiwanja. Kwa asiyejua familia zetu, nieleze. Nyumba ya marehemu isiyogawanywa ina sheria yake, ambayo haijaandikwa popote. Ukiishika kwa mikono yako, wewe ni mtoto mwema. Ukimleta fundi umlipe, tayari unajitangaza mwenye nyumba, na siku ya kugawana utasimama useme wewe ndiye uliyeijenga. Kwa hiyo kila mtu anamzuia mwenzake, na nyumba inaoza kwa heshima zote. Wakili huyu kwake Nguba hajawahi kubadilisha hata balbu. Anapiga simu tu, mafundi wanakuja. Ila mawe yanayoning'inia juu ya watoto wa watu, hayo yanafaa kujifunzia.

Wakaja Jumapili baada ya ibada, yeye na mdogo wetu mhubiri, na mfuko wa sima, yaani saruji, kwenye gari. Wakili alikoroga sima akiwa na viatu vya mahakamani. Mhubiri alikuwa anampa maagizo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee anayoiweza. Walipaka ufa mpaka haukuonekana. Kisha mhubiri akaona yale matundu ya chini, ambayo baba aliyaacha ili maji ya udongo yapate pa kutokea.

"Angalia hii buchafu," akasema. "Maji ya matope inatoka mpaka kwa jirani. Tuizibe."

"Acha!" nikamwambia. "Hiyo matobo njo inafanya udongo ipumue."

Akacheka mpaka akashika magoti. "Ukuta nayo inapumuaka? Yaya, umesoma vitabu mingi, vinakuharibu kichwa!"

Wakaziba yote. Wakapiga picha, mikono imejaa sima, wakaandika kwenye kikundi: "Bana ba papa ku kazi." Mashangazi wakajaza vidole gumba. Wakala fufu na samaki wa mama, wakaondoka.

Mvua iliendelea. Siku moja Maman Neema akaniita kutoka chini: "Maman! Ukuta yenu imeota tumbo!"

Nikashuka na nyundo na patasi, nikitaka kuyafungua yale matundu. Nikaweka kiganja kwenye mawe, nikayasikia yamesukumwa nje, yamelowa. Sikupiga. Maji yote ya ua yalikuwa nyuma ya mawe yale, na sikujua jiwe lipi lilikuwa bado linashikilia mengine. Nikamwambia Maman Neema awatoe watoto chumbani siku hiyo hiyo. Sasa wanalala jikoni, kwa sababu hawana mahali pengine.

Nikawaambia wadogo zangu kwamba namwita fundi. Mhubiri alituma mikono ya kuomba. Wakili aliandika: "Siku fundi ataingia, weye utatoka." Niliwajibu waje walale wao katika kile chumba cha chini, wapimane imani na mawe. Wakanitoa kwenye kikundi.

Hayo yote ningeyacheka. Lakini mama, ninayemwogesha, ninayemkatia kucha, alisikia yote akaniambia bila hasira: "Acha bandugu yako. Nyumba ni ya banaume. Weye ulirudiaka tu."

Leo Maman Neema amepanda hadi mlangoni, hakutaka hata kukaa. Ameuliza neno moja: "Fundi anakuja lini?"

Msiniandikie nivumilie, wala nisali, wala niitishe kikao kingine cha wanaume waoga. Fundi nitamwita, hilo sijalileta kwenu. Lakini nikimwita nitafukuzwa, na mama hatakubali kunifuata, na wale wawili hawajui hata dawa zake anazinywa saa ngapi. Ukuta najua la kuufanyia. Mama nimwache na nani? Nishaurini hapo tu, na mfanye haraka, mawingu yamejaa tena juu ya ziwa.