Moja Yenye Kofia

Siku ya ndoa, saa mbili asubuhi, baba wa bibi harusi aliingia kwenye steshenari yangu ya Chang'ombe, hapa makao makuu ya nchi, akiwa na kadi mkononi. Sikumaliza hata kumwamkia.

"Hebu soma tarehe hapa," alisema.

"Kumi na moja, mzee. Leo."

"Soma kama hukuiandika wewe."

Nikatazama tena. Binti yake alitaka mwandiko wa kupendeza, nami nilimchagulia fonti yenye herufi zinazojikunja kama za kalamu ya wino. Tarakimu ya moja ya mwisho ilikuwa na mkunjo mrefu juu. Yeyote asiyejua angesoma kumi na saba. Na neno Ijumaa nililiondoa mwenyewe, ili mkia wa herufi ya mstari wa juu upate nafasi.

"Mama yangu yuko Kondoa," alisema. "Wengine wote tuliwapigia simu. Yeye nilimpelekea kadi, kwa heshima. Simu yake haipatikani, na jirani anasema ameenda shamba, eti ndoa ni tarehe kumi na saba."

Bibi huyo ndiye aliyemlea bibi harusi tangu akiwa mchanga. Ndoa ilikuwa saa kumi.

Niliazima gari la kaka yangu, nikaondoka peke yangu. Kila lori lililonizuia nililihesabu kuwa kosa langu jingine.

Saa sita kasoro jirani alinifikisha shambani, nikamkuta akipiga uwele, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo, bibi. Ndoa ni leo."

"Marahaba. Ndoa ni wiki ijayo, nimesomewa."

"Ni leo, bibi. Kadi niliitengeneza mimi."

Alikung'uta makapi mikononi.

"Basi moja yako ina kofia," alisema, akaenda nyumbani kuoga.

Nilimsubiri nje, natazama saa, naogopa kumharakisha, hadi ikafika saa saba na nusu. Karibu nusu ya safari aliuliza tu, "Tutawahi?" Nilisema ndiyo, nami sikuwa na hakika.

Hatukuwahi. Tulipofika, dua ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakila. Sheikh alikuwa na ndoa nyingine Nzuguni, hakuweza kusubiri zaidi. Bibi harusi alikuwa chumbani, wanja umemchuruzika mashavuni. Alipomwona bibi yake alinyanyuka, akamwangukia kifuani.

"Bibi, kwa nini?"

Nilikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi. Nilifungua mdomo kusema. Bibi akanitangulia.

"Uwele, mwanangu. Nilitaka nimalize fungu moja. Nimechelewa mwenyewe."

Baba yake alinitazama, kisha akainamisha macho. Nilirudi nje, nikakaa ndani ya gari, nikashindwa kuliwasha. Aliyekuja kugonga kioo alikuwa bibi mwenyewe, ameshika sahani ya pilau.

"Shuka ule," alisema. "Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni."

Nikashuka.