Mchumba Wangu Ameinyoosha Ngoma ya Bibi, na Sendoff Yangu Ni Jumamosi

Admin, naomba unifichie jina, maana mchumba wangu yumo humu na anasoma mpaka komenti.

Mimi ni dada wa miaka 28, naishi Kihonda, Morogoro. Natengeneza muziki, na mchumba wangu naye kazi yake ni hiyohiyo. Tulipendana tukibishana: kwenye kompyuta mimi natumia programu ya FL, yeye ya Cubase, na hakuna anayekubali kushindwa. Sasa tunaoana, tunaunganisha studio, na yeye anasema chumba kimoja hakiwezi kuwa na programu mbili. Nikamwambia basi tushindane. Tuchukue rekodi moja, kila mtu aitengeneze kwenye programu yake. Itakayopendwa ndiyo itabaki studio, na wimbo wake ndio utapigwa kwenye sendoff yangu.

Tukapanda Mgeta kwa bibi yangu mzaa mama. Akatuimbia wimbo wa kumtoa mwali ndani, kaka yake akipiga ngoma. Mliochezwa unyago mnajua mambo haya: ngoma inakwenda kasi, halafu mwali akianza kupiga goti mbele ya wakubwa inapunguza mwendo, inamsubiri mpaka ainuke. Mpigaji anamwangalia yeye tu.

Jamani, niseme ukweli. Kazi ya mwenzangu ilitoka safi kuliko yangu. Kwangu unasikia mpaka jogoo! Ndugu na marafiki wote wakachagua yake, na mimi nikapiga makofi huku roho inaniuma.

Lakini mimi mwendo wa ngoma niliuacha kama ulivyo, yeye aliinyoosha. Kila pigo la ngoma alilivuta likakaa kwenye mstari wake, mwendo mmoja mwanzo mpaka mwisho. Tulipompelekea Bibi asikilize, alianza kutikisa mabega, kisha akatulia. Akauliza, "Hapa mwali anapiga goti saa ngapi?"

Mchumba wangu akacheka. "Bibi, muziki wa siku hizi ndiyo uko hivi. Ule wenu ulikuwa unayumba."

"Sawa, baba," Bibi akajibu, akajifunga khanga yake vizuri. Aliponisindikiza, akaninong'oneza, "Nitakuja mjukuu wangu, nitakaa kwenye kiti. Lakini kukutoa sitakutoa. Magoti yangu hayawezi kukimbizana na spika."

Bibi ndiye aliyemtoa mama yangu. Mimi amenilea yeye. Nikitoka bila yeye mbele yangu, nimetolewa na nani?

Nimemwomba mwenzangu arudishe ule mwendo. Hata huko kwenye Cubase ni kazi ndogo, programu haina kosa lolote. Akawaka: "Watu wameshachagua. Ukibadilisha, umewaambia sijui kazi."

Tangu hapo sina utulivu. Nafungua yangu, nafunga, nafungua yake, nasikiliza palepale pa goti, natoka nje, narudi. Leo nimeunguza maharage mara ya pili. Studio hata siiwazi tena. Ninachowaza ni hiki: siku nikichelewa kuinuka ndani ya ndoa hii, huyu mwanaume atanisubiri, au na mimi ataninyoosha?

Flash mbili ziko kwenye pochi yangu, ya kwake na ile yangu yenye jogoo. Jumamosi MC ataomba moja, mchumba wangu akiwa amekaa meza ya mbele na Bibi kwenye kiti chake. Nishaurini ndugu zangu, nimpe ipi?