Jina la Yonasi kwenye Kompyuta

Fausta wa Mpemba, huku mpakani na Zambia, si mwanamke wa kutishwa na kivuli. Kibandani kwake, kando ya barabara kuu, huchapa barua za watu na kuwajazia vijana maombi ya vyuo, na mwenye maneno mengi humwambia akayauze Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Zamani kompyuta yake ilipata intaneti kwenye simu ya mumewe, Yonasi, baba wa mtoto wao Aida; ilikaa dirishani ikigawa mtandao kwa jina lake. Yonasi alipofariki, msimu wa kupanda mahindi, nduguze walimwekea simu hiyo jenezani. Kwa ukoo wao, kitu alichokishika marehemu kila siku huenda naye. Fausta alinuna, akanunua nyingine.

Siku moja Atupele, binti wa dada yake, alikuja kuomba chuo cha uuguzi. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile, na mwaka uliopita aliyakosa hivyo hivyo. Fausta akaweka simu mpya dirishani, akawasha hotispoti, akaandika nywila. Kumbe kasahau: pale mpakani, simu ukiiacha ijichagulie hunasa mnara wa Zambia. Vocha yote ikaliwa kabla ukurasa haujafunguka. Akaizima kwa hasira.

Kompyuta ikaandika kwamba imeunganishwa.

Akasogea kusoma. Jina la mtandao lilikuwa Yonasi, na mistari imejaa yote.

"Mama mdogo, imekubali," Atupele akasema, vidole vimeshaanza kujaza.

Fausta akachukua kiswaswadu cha binti huyo, simu ya vitufe isiyo na intaneti, akatoka nje kumpigia Efraimu, shemeji yake aliyefunga jeneza.

"Shemeji, ile simu mliizima?"

"Nani azime simu ya marehemu? Tulimwekea mkononi inawaka. Kwani vipi?"

Akakata. Betri gani hiyo ya kudumu tangu mahindi yanapandwa mpaka yanavunwa?

Angeweza kuchomoa waya wa umeme. Akamtazama Atupele alivyoinamia kioo, akaacha. Kibanda kilinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Atupele akasema ni mvua, na nje jua kali. Maombi yakaenda, namba ya kupokelewa ikatokea.

"Asante, baba Aida," Fausta akasema kwa sauti ya chini. "Imetosha. Kalale."

Mstari mmoja ukapungua. Kisha wa pili, taratibu, kama mtu anayeondoka kwa miguu kuelekea makaburini. Jina likatoweka.

Atupele akauliza anaongea na nani. Akaambiwa achukue karatasi yake aende nyumbani.

Siku hizi Fausta hawashi kompyuta kabla hajahakikisha simu yake imenasa mnara wa huku. Hataki kumwamsha mtu.