Mifano Miwili ya Subira

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, redio mbili zinanguruma kwenye meza ya jikoni kwa mama mmoja. Moja ni ya kituo anachokiandikia mama huyu. Nyingine ni ya kituo cha wapinzani wao, na hiyo ndiyo aliyoisogeza karibu na sikio.

Kazi yake ni kuandika tafakari za Kiislamu zinazosomwa redioni kwa dakika moja: aya au Hadithi, mfano mmoja wa maisha ya nyumbani, basi. Jina lake halitajwi hewani, na wasikilizaji wengi wanaamini msomaji ndiye mtunzi.

"Hata wifi yangu alinipigia kumsifia msomaji," anasema. "Nikamjibu, ahsante, nitamfikishia."

Mwezi uliopita tafakari zake tatu zilisikika kwanza kwa wapinzani, neno kwa neno. Wiki iliyopita meneja wa kituo chake alimwita.

"Dada, nani anamnakili nani hapa?"

Alimpa wiki moja athibitishe kuwa ni zake, la sivyo kazi apewe mwingine.

Rasimu huonwa na watu wawili tu: msomaji, na ustadhi anayehakiki aya na Hadithi. Ustadhi ndiye aliyemfundisha kusoma Kurani utotoni. Msomaji hajui kufunga mdomo. Akamshuku msomaji.

Mumewe alimshauri aweke mtego kwa kubadilisha maneno ya Hadithi. Alikataa.

"Nimzulie Mtume, rehema na amani zimshukie, ili nimnase mwizi? Huko sifiki."

Akabadilisha mfano. Aya ya subira ilibaki ileile, lakini nakala ya msomaji ilimtaja mtu anayesubiri simu ijae chaji. Ya ustadhi, mtu anayesubiri ndoo ijae chini ya bomba linalodondoka.

Mumewe anaongeza sauti ya redio. "Atasema simu, utaona. Yule namjua."

"Hebu nyamaza, baba watoto."

Mtangazaji wa wapinzani anamaliza aya. "Mfikirie," anasema, "aliyeweka ndoo chini ya bomba linalodondoka."

Mume anaanza kucheka, kisha anaacha. Mkewe anapiga simu, sauti ikisikika jikoni kote.

"Asalaam alaykum, ustadhi. Ile ndoo nilikuandikia wewe peke yako."

Ustadhi anaitikia salamu.

"Binti yangu, neno la kheri halina mwenyewe."

"Basi kamwambie meneja hivyohivyo. Anayeitwa mwizi ni mimi."

Simu inakatwa upande wa pili. Kwa nini alizitoa tafakari hizo, na kwa malipo gani, gazeti hili halikuweza kuthibitisha. Hakupokea simu tena.

Saa tatu meneja alilinganisha nakala zote mbili na kilichosomwa na wapinzani, akasema kazi inabaki ya mama huyo. Alipoulizwa anatarajia nini sasa, mama alijibu: "Nihakikiwe na mtu ambaye hakunifundisha."

Mchana ustadhi alimwandikia meneja kwamba anaacha uhakiki. Hakutoa sababu. Pamoja na ujumbe huo alirudisha rasimu ya kesho, ikiwa imehakikiwa.