Kabla ya Kutuma Askari Sokoni

Nakumbuka siku ile askari walipomwaga sufuria yangu ya maharagwe barabarani, mbele ya mlango wa kiwanda nilipowauzia wafanyakazi chakula, hapa hapa Likasi. Mwanangu, nilikuwa nimeolewa juzi juzi tu. Baba yako hakuwa amepata kazi bado, na bukari, ugali wetu wa nyumbani, tuliinunua kwa pesa ya sufuria ile. Usicheke, baba yako alikuwa mwembamba kweli wakati huo.

Nikasema basi, naacha kuuza. Jirani yangu Mama Ngalula, mjane aliyeuza samaki waliotoka Kapolowe, akanishika mkono.

"Weye, usilie mu njia. Kesho tunaenda kwa mukubwa wa mji."

Tukaenda, wamama wote wa pale, tumejifunga vikwembe vya Jumapili. Nilidhani Mama Ngalula ataomba msaada wa pesa. Wapi! Alisimama wima mbele ya meza, akamwita mkubwa "mwananchi" kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya enzi ile.

"Citoyen, hatuombe makuta. Bantu banatoka ku kazi na njaa, sisi tuko nabapikia. Utupe fasi ya kuuzia na mayi. Na ukuye uone weye mwenyewe."

Mkubwa yule hakuahidi kitu, nikarudi moyo umeanguka. Kumbe kesho yake, wafanyakazi walipokuwa wanatoka, akaja kwa miguu, akala pamoja nao. Akauliza maji tunachota wapi. Akatueleza kwamba tunafukuzwa kwa sababu tunaziba njia ya malori. Je, tungekubali kuhamia ng'ambo ya barabara? Tukakubali palepale. Hakuna aliyewahi kutuuliza!

Kabla mvua hazijaanza, tukawa na paa la bati na bomba letu. Kufagia tulifagia wenyewe. Wale askari? Wakawa wateja wangu, tena wa kuongezewa maharagwe. Mama Ngalula akaajiri wasichana wawili, na mimi nikakusomesha wewe na dada zako.

Sasa umepewa kazi kwenye ofisi ya mji, upande wa masoko. Nisikilize. Kabla ya kutuma askari, nenda mwenyewe, ukale kwa wanaouza, uwaulize wanakosa nini. Wape mahali pa uhakika, maji na taa, halafu waache wafanye kazi, biashara wanaijua. Na mahali ulipompa mtu leo, usimnyang'anye kesho eti shemeji yako amepapenda.

Inama nikuwekee mikono. Mungu akutangulie katika kazi hiyo, akupe masikio ya kusikia wadogo, na ukipita sokoni watu wafurahi kukuona. Amina, mwanangu. Nenda.